Kitufe Kikihama, Susu Anapotea: Historia Fupi ya Ghala la Vitu

Kwenye upimaji wa programu kuna kazi moja ambayo hakuna mtu huipigia makofi: kutunza orodha ya majina ya vitufe. Ndiyo, vitufe. Wasee wengi wakiisikia wanacheka. Lakini orodha hiyo ina historia ya miaka kama thelathini, na leo nataka tuipitie pamoja, hasa sisi vijana wa Kitui na Makueni tunaojifunza hii kazi sasa. Sisi tunaingia kwa mlango wa mwisho, ule wa vifaa vinavyojirekebisha vyenyewe. Na ukiingia kwa mlango huo bila kujua uliojengwa kwanza, kuna mtu unamruka bila kumuona. Nitafika kwake.

Kwanza, kwa wale ambao si wa fani hii. Otomesheni ya upimaji ni programu inayotumia programu nyingine kama vile mtu angeitumia: inafungua ukurasa, inajaza jina, inabonyeza "Tuma", kisha inaangalia kama kilichotokea ndicho kilichotarajiwa. Shida ni moja. Kompyuta haina macho kama yako. Lazima uiambie "Tuma" ni kitu gani hasa. Kila kitu kwenye skrini kina sifa zake: aina (kitufe, kisanduku, orodha), maandishi yake, kitambulisho ambacho aliyekijenga alikipa, na mahali kilipo. Ukizikusanya sifa hizo, ukazipa jina moja linaloeleweka, ukaliweka pahali pamoja, umeunda ghala la vitu. Skripti inasema tu "bonyeza Tuma", na ghala ndilo linalojua Tuma ni ipi. Siku kitufe kikibadilika, unarekebisha ghala mara moja badala ya kurekebisha skripti mia mbili.

Kwetu Ukambani hili halihitaji maelezo marefu. Ghala tunaliita ikumbi, na kila mama anajua mbegu ya kupanda inakaa wapi na ya kula inakaa wapi. Na mambo ya kutambua kwa jina tunayajua pia. Kioko alizaliwa asubuhi, Mutuku usiku, Wambua wakati wa mvua, Kyalo safarini. Jina linabeba hali. Sasa ukiingia darasani ukute akina Mutuku watatu, unafanya nini? Unaongeza: Mutuku wa kina Mwende. Wakiwa bado wawili, unasema yule mrefu. Ikishindikana kabisa unasema yule wa tatu kutoka dirishani. Weka hizo hatua akilini, kwa sababu waliotengeneza vifaa vya upimaji walipitia njia hiyo hiyo.

Vifaa vya mwanzo kabisa vya kurekodi na kurudia vilikuwa vinakumbuka mahali tu. Ulibonyeza kipanya pikseli ya 412 kwa 230, navyo vikabonyeza pikseli ya 412 kwa 230 kesho yake. Ukibadilisha ukubwa wa skrini, au dirisha likifunguka kando kidogo, kila kitu kinaharibika. Ni kama kumwelekeza mgeni umwambie "tembea hatua mia tatu, geuka kushoto, hatua arobaini", halafu yeye awe na miguu mirefu kuliko yako.

Kampuni iliyobadilisha hilo kwa kishindo ni Mercury Interactive, iliyoanzishwa 1989 na Aryeh Finegold pamoja na wenzake, yenye mizizi Israeli na makao California. Katika miaka ya 1990 walitoa WinRunner. Bado iliweza kurekodi kwa mahali, lakini ilikuja na kitu kilichoitwa ramani ya sura ya programu: faili iliyoandika kila kitu cha skrini kwa jina la kueleweka upande mmja na maelezo ya sifa zake upande wa pili. Hapo ndipo ikumbi la kwanza lilipojengwa. Na ubishi wa kwanza ulianza hapo hapo, kwa sababu WinRunner ilikupa njia mbili: kila jaribio liwe na ramani yake, au majaribio mengi yatumie ramani moja. Ramani ya kila mmoja ni rahisi kuanza, lakini kitufe kimoja kikibadilika unazunguka boma hadi boma kurekebisha. Ramani ya pamoja unarekebisha mara moja, lakini mtu mmoja akiichafua, kijiji kizima kinalala njaa. Ubishi huu haujaisha mpaka leo. Umebadilisha nguo tu.

Kifaa kilichofuata cha Mercury, QuickTest Professional, kilichoitwa QTP na kila mtu, ndicho kilichozoesha ulimwengu jina la ghala la vitu. Na namna kilivyotambua vitu ni zile hatua za darasani. Kwanza kilichukua sifa za lazima. Kama hazikutosha kutofautisha kitu na kingine, kiliongeza sifa za kusaidia. Zikishindwa hata hizo, kilitumia namba ya foleni: cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Kwa nini jina peke yake halitoshi? Mwulize yeyote wa Makueni akuelekeze "stesheni ya Emali". Kuna ya reli ya zamani, ile ya wakoloni iliyofika Nairobi 1899. Na kuna ya reli mpya, SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Kibwezi ni vile vile. Jina moja, vitu viwili. Aliyeandika maelekezo yake mwaka 2010 hakukosea lolote. Dunia ndiyo iliyojenga stesheni ya pili. Majaribio mengi huvunjika hivyo: jana kulikuwa na "Endelea" moja kwenye ukurasa, leo ziko mbili.

QTP ilikuwa na ujanja mwingine ambao naomba ukumbuke, kwa sababu nitaurudia. Uliitwa utambuzi wa akili. Kama kitu hakikupatikana kwa maelezo yaliyohifadhiwa, QTP iliyaweka kando, ikatumia sifa nyingine kukisia ni kipi, kisha ikaendelea na kazi. Lakini kwenye ripoti iliacha alama ya onyo: hapa nimekisia. Yaani ilikusaidia, halafu ikakwambia imekusaidia.

Mwaka 2006 Hewlett-Packard iliinunua Mercury kwa takriban dola bilioni 4.5. Kwa mwanafunzi wa kawaida wa huku kwetu, vifaa hivyo vilikuwa vya kusoma kwenye vitabu. Leseni zililipwa kwa dola na zilitengenezewa mabenki na makampuni ya simu. Na hata ghala lenyewe lilikuwa faili ambalo huwezi kulifungua na kulisoma bila kifaa chenyewe. Ilikuwa ikumbi yenye kufuli, na ufunguo uko California.

Waliovunja kufuli ni watu wa Selenium. Mwaka 2004 Jason Huggins, akifanya kazi ThoughtWorks huko Chicago, alikuwa anapima programu ya ndani ya kampuni ya kuandika saa za kazi na matumizi. Akachoka kurudia kwa mkono, akaandika kifaa chake. Jina lenyewe ni utani: mercury ni zebaki, na Huggins aliwatania wenzake kwamba sumu ya zebaki inatibiwa kwa selenium. Kifaa kikatolewa bure, kodi yake wazi kwa kila mtu. Baadaye Simon Stewart akaunda WebDriver, miradi miwili ikaungana, na 2011 ikatoka Selenium 2. Mnamo Juni 2018 WebDriver ikapitishwa na W3C kuwa kiwango rasmi cha vivinjari. Leo kijana mwenye laptopu ya mtumba Kwa Vonza anaweza kutumia kile kile kinachotumiwa na makampuni makubwa. Hilo si jambo dogo.

Lakini Selenium ilikuja bila ghala. Ilikupa njia za kutafuta kitu, basi. Watu wakarudia makosa ya zamani kwa lugha mpya: anwani za vitu zikatapakaa ndani ya skripti, nyingine zikiwa ndefu kama maelekezo ya mlevi: ingia ukurasa, sanduku la pili, ndani yake sanduku la tano, safu ya tatu, kitufe cha kwanza. Ukiongeza tangazo moja juu ya ukurasa, njia yote inapotea. Mzee wa kijiji angekucheka. Yeye angekwambia "shuka pale mbuyu mkubwa", kwa sababu mbuyu hauhami.

Dawa ikapatikana bila kununua kitu. Watengenezaji wenyewe wakaanza kuandika kila ukurasa kama kitu kimoja kwenye kodi: ukurasa wa kuingia unajua vitufe vyake, ukurasa wa malipo unajua vyake, na jaribio linaongea na ukurasa badala ya kuongea na vitufe. Mtindo huo, ambao Martin Fowler aliueleza vizuri mwaka 2013, ni ile ramani ya WinRunner imerudi, safari hii ikiwa maandishi ya kawaida ambayo yeyote anaweza kusoma na kuona nani alibadilisha nini. Kisha Katalon, iliyofunguliwa kwa umma 2016, ikarudisha hata jina la ghala la vitu na kuliweka kwenye faili za maandishi juu ya injini ya Selenium. Wengi wetu tulianzia hapo kwa sababu ilikuwa bure. Kuanzia 2019 baadhi ya mambo yake yakawa ya kulipia, lakini wazo lilikuwa limeshasambaa.

Sasa turudi nyumbani. Miaka hiyo hiyo Kenya ilikuwa inajenga kitu ambacho vifaa hivyo vyote havikukifikiria. Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ilianza. Menyu yake iliishi ndani ya laini ya simu, maandishi matupu: orodha, unachagua, orodha nyingine. Baadaye zikaja huduma nyingi za nyota na reli. eCitizen ikaanza 2014 kwenye tovuti. Juni 2023 serikali ikatangaza huduma zaidi ya elfu tano zimeingia humo. Na tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ilipokabidhi kazi kwa SHA, watu wa vijijini waliambiwa wajisajili, na njia mojawapo ikawa *147#.

Kwenye menyu ya nyota na reli hakuna kitambulisho cha siri. Hakuna sifa za kusaidia. Kuna namba ya foleni peke yake: bonyeza 1, halafu 3, halafu 2. Yaani ile njia ya mwisho kabisa ya QTP, yule wa tatu kutoka dirishani, ndiyo njia pekee ambayo mamilioni ya Wakenya wanatumia kupata pesa zao na hospitali yao.

Huyu ndiye mtu niliyesema tunamruka. Susu yangu, kule upande wa Mutomo, hasomi. Lakini anatuma pesa. Amekariri: moja, moja, namba ya simu, kiasi, siri. Ana menyu nne hivi kichwani, kila moja na mpangilio wake, na hajawahi kuniomba nimshikie simu kwa ajili ya hizo nne. Ukifikiria vizuri, ana ghala la vitu. Ameliandika mwenyewe, amelihifadhi mwenyewe, na hulipima kila wiki kwa pesa yake mwenyewe. Siku moja huduma fulani aliyokuwa akitumia ikapanga upya orodha yake, ikaingiza kitu kipya namba mbili na kusukuma vingine chini. Kwa aliyepanga ni kitu kidogo. Kwa susu ilikuwa skripti iliyovunjika. Wiki mbili alimpa kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Unajua hatari ya hiyo sentensi.

Hapa ndipo niko na neno kuhusu vifaa vya siku hizi vinavyojiponya. Kifaa kinaendesha jaribio, kitufe hakipo pale kilipokuwa, kifaa kinalinganisha sifa, kinakipata kipya, kinajirekebisha na kuendelea. Healenium inafanya hivyo juu ya Selenium, Katalon nayo ina yake, na mengine mengi. Sivipigi vita. Anayejua uchungu wa kuamka Jumatatu ukute majaribio themanini mekundu kwa sababu mtu alibadilisha kitambulisho kimoja, hawezi kuvidharau. Na kusema ukweli, vingi vinaandika ripoti ya walichorekebisha, kama vile QTP ilivyoweka alama yake ya onyo. Shida ni sisi. Kila kitu kikiwa kijani, nani anafungua ripoti?

Lakini jaribio lililovunjika kwa sababu kitufe kimehama lilikuwa linatuambia jambo la kweli: kitufe kimehama. Kifaa kikajiponya, sawa. Susu hajiponyi. Hana utambuzi wa akili uliojengwa ndani ya kabambe yake. Kwa hivyo kila unapoona ghala linabadilishwa, jiulize swali moja: mabadiliko haya yanaonekana na mtu, au ni ya ndani tu?

Kama ni ya ndani, kitambulisho cha siri kimebadilika lakini maandishi, mahali na mpangilio viko vile vile, acha kifaa kijiponye, nenda ukanywe chai. Kama yanaonekana, neno jipya, mpangilio mpya, namba mpya, basi hiyo ni habari. Inafaa ifike kwa mtu anayeandika ujumbe wa kuwajulisha wateja, kwa wale wa huduma za simu, kwa ajenti pale sokoni Wote na kwa kijana wa saiba Kitui mjini ambaye kesho ataulizwa na watu arobaini. Ghala ni kumbukumbu ya kile tulichowazoesha watu. Ukilifuta kimya kimya, umevunja mazoea yao bila kuwaambia.

Kuna mtego mwingine ambao wapimaji wazuri hunasa. Tunafundishwa kwamba anwani imara zaidi ni kitambulisho maalum ambacho mtengenezaji anakiweka kwa ajili ya upimaji tu. Ni kweli ni imara. Lakini ni imara kwa sababu hakioni kile mtu anachoona. Neno "Lipa" likigeuka kimakosa kuwa "Futa", jaribio litapita bila wasiwasi. Ndiyo maana vifaa kama Testing Library, kilichotoka 2018, na Playwright ya Microsoft ya 2020, vikaanza kuwahimiza watu watafute kitu kwa kazi yake na jina linaloonekana: kitufe kinachoitwa "Lipa". Ni njia ile ile ambayo programu za kumsomea asiyeona hutumia. Jaribio likishindwa kukipata kitufe hivyo, kuna uwezekano mkubwa mtu asiyeona naye ameshindwa.

Utaniuliza: na lugha je? Ukitafuta kwa neno linaloonekana, siku tovuti ikiwekewa Kiswahili majaribio yote yanakufa. Hapo ndipo ghala linarudisha pesa yake. Katiba ya 2010 ilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na menyu ya M-Pesa yenyewe inakuruhusu kuchagua kati ya hizo mbili. Jina ndani ya ghala liwe la kazi, tuseme kutuma_pesa. Chini yake weka maandishi ya kila lugha. Jina moja, lebo mbili, na kesho ya tatu ikiwa Kikamba, hakuna skripti inayoguswa. Ghala lililopangwa vibaya linageuka sababu ya kuikataa lugha ya watu: "tukitafsiri, majaribio yatavunjika." Sitaki kijana wa Kitui awe ndiye anayesema hivyo kwenye mkutano.

Nasema kijana wa Kitui kwa sababu. Januari 2013 Rais Kibaki alizindua Konza pale Malili, Makueni, ekari elfu tano za jiji la teknolojia. Mwaka huo huo SEKU, pale Kwa Vonza, ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Tumezoea kuuliza kazi zitakuja lini. Mimi nauliza pia tutazifanya tukiwa na nini ambacho mwingine hana. Mpimaji wa Chicago anaweza kuijua Selenium kuniliko. Hawezi kumjua susu. Hajui kwamba kuna watu wanaosoma menyu kwa vidole badala ya macho. Hiyo sisi tunaijua tangu utotoni, na ni ujuzi wa kazi kama ujuzi mwingine wowote.

Kwa hivyo ukikabidhiwa ghala la vitu wiki hii, fanya mambo manne. Lipe kila kitu jina la kazi yake, usiipe namba ya kisanduku. Liweke ghala kwenye maandishi ambayo wenzako wanaweza kusoma. Kwa njia zile za maisha, pesa, afya, kitambulisho, kodi, andika jaribio linaloangalia maandishi na mpangilio waziwazi, na ulikataze kujiponya. Kwa menyu za namba, mpangilio wenyewe ndio ahadi, kwa hivyo kitu kipya kiingie mwisho wa orodha, kisisukume vingine. Na hilo jaribio likigeuka jekundu kwa sababu mtu amehamisha kitufe, usikimbilie kurekebisha ghala. Kwanza inuka, mwulize aliyekihamisha: watu wameambiwa?